Kilemba Kilichofungwa Kwenye Komeo

"Kitendawili," nilimwambia Parneet.

"Tega, Bibi."

"Wawili wavuta, mmoja avaa."

Akacheka na kujiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Kilemba. Hicho hata ndama wako anakijua."

"Basi kama unakijua, panda juu ukamsaidie kuvuta. Mchumba wako yuko huko tangu chai ya kwanza, anahangaika peke yake kama mtu asiye na kwao."

"Baba atasema nini?"

"Baba yako anakula sambusa zangu. Mtu mwenye sambusa mdomoni hasemi neno."

Ndivyo nilivyomtuma, kwa mdomo wangu mwenyewe. Alivua viatu chini ya ngazi akapanda mbiombio, msuko wake mweusi ukimpigapiga mgongoni mpaka kiunoni, nami nikabaki nikitabasamu peke yangu kama kizee kilichookota sarafu.

Ilikuwa Jumapili ya kupanga siku ya harusi. Jua la majira ya baridi lilikuwa limetandaa uani, haradali zimechanua manjano hadi ukingo wa mfereji, na wanaume wameketi juu ya vitanda vya kamba. Mwanangu Jagir, baba yake Tegbir mchumba mwenyewe, alikuwa akimmiminia chai Darbara Singh, baba yake Parneet. Mkewe Darbara, Surjeet, alikuwa amekuja na boksi la ladu, vile vitamu vyetu vya mviringo, lililofungwa utepe mwekundu, na kila saa alilisogeza mahali pengine ili watu waendelee kuliona.

Darbara hakuipenda posa hii toka mwanzo. Si kwamba alimchukia mjukuu wangu. Alichukia safari yake. Tegbir alikwenda Italia kukamua ng'ombe, na Darbara alikuwa na msemo wake kuhusu vijana wetu wanaokwenda huko. "Wanaondoka simba," alikuwa akisema, "wanarudi kuku walionyonyolewa." Sisi Singasinga nywele hatukati. Ulivyozaliwa nazo ndivyo unavyorudi nazo kwa Mwenyewe aliyekupa, umezichana, umezifunga fundo utosini, umezifunika. Darbara alikuwa amewaona watoto wa watu wakishuka uwanja wa ndege na vichwa vya kuchongwa pembeni, mama zao wakizimia.

Parneet ndiye aliyemshinda baba yake kwa maneno. Alisimama mbele yake jikoni kwao, Surjeet alinisimulia, akasema: "Baba, Tegbir akikata hata unywele mmoja, mimi nikate pua yangu niitupe kwa mbwa." Darbara akacheka, maana kwetu pua ndiyo heshima, tena pua ya Parneet ndiyo pua yake mwenyewe, na akakubali.

Sasa kuna jambo nililiona na nikalipita. Tangu Tegbir arudi, kilemba chake alikifungia kwenye komeo la mlango.

Kitambaa cha kilemba ni kirefu, hakikunjwi na mtu mmoja. Mmoja ashike ncha hii, mwingine ncha ile, wavute, wakunje, wavute tena, mpaka kinyooke. Nyumbani kwetu asubuhi utasikia tu: "Njoo unishikie!" Anayeishi peke yake ugenini, huyo hufunga ncha kwenye komeo na kuvutana na mlango. Lakini nyumba yangu ilikuwa imejaa watu. Nilimwambia, "Niite, mjukuu wangu, nikushikie." Akanijibu, "Pumzika, Bibi, magoti yako." Na siku za kuosha nywele, wanaume wengine wakikaa uani na migongo juani ili zikauke, yeye alikuwa ameshaoga zamani, ameshafunga. Nikadhani ndiyo tabia ya ugeni. Mtu akila peke yake siku nyingi, husahau kukaribisha.

Huko juu walicheka kidogo. Kisha kukawa kimya.

Wapenzi wakicheka, mzee hukaa chini akanywa chai yake. Wakinyamaza, hupanda ngazi. Nikashika ukuta nikaanza kupanda. Kwenye kona ya ngazi magoti yangu yakagoma, si juu si chini. Kwa hiyo niliyoyasikia, magoti ndiyo yaliyoyataka, si mimi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kitambaa kilikuwa sakafuni, kile cha waridi nilichomchagulia mwenyewe kwa siku hii, kimetanda kuanzia mlangoni hadi ndani. Baadaye Parneet alinieleza. Alikikuta kimefungwa kwenye komeo, akakifungua kwa utani, akavuta kama mtu avutaye ndoo kisimani. Tegbir akadhani fundo limelegea, akakifuata kitambaa kama ng'ombe afuatavyo kamba, mpaka wakakutana uso kwa uso. Na kichwa chake kilikuwa wazi.

Nywele zilikuwa fupi kuliko kidole changu. Pembeni zilikuwa zimenyolewa kabisa, ngozi ya kichwa ikionekana, nyeupe kama tumbo la samaki.

Parneet alikuwa ameshika kitu mkononi, kilichodondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Hizi ni nini?"

"Soksi," Tegbir akasema.

"Naona ni soksi. Nauliza zinafanya nini kwenye kilemba."

Zilikuwa soksi nene za sufu, zimeviringwa pamoja kuwa donge. Alikuwa akiziweka utosini, pale penye fundo la nywele, ili kilemba kipate umbo.

"Ulizikata lini?"

"Majira ya joto."

"Majira ya joto ulikuwa unanipigia simu kila Jumamosi. Nilikuwa nakuona. Una kilemba."

"Nilikuwa nakivaa kwa ajili ya simu."

Parneet alizigeuza zile soksi mkononi. "Kwa hiyo nilikuwa nazungumza na hizi. Ningejua, ningezisalimu."

"Parneet, ilikuwa kazi. Ile kofia ya mazizini haikai juu ya..."

"Usiniambie kazi. Mjomba wangu Balkar anakamua ng'ombe huko huko Italia, na kilemba chake. Na wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba yule mzee mwenye mazizi anakuita mfalme, anakutambulisha kwa wageni wake."

"Ndiyo."

"Basi nani alikulazimisha?"

Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa amekaa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya yule mvulana wangu wa zamani aliyekuwa akivunja mtungi halafu akijificha nyuma ya tanuri.

"Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna hata aliyeniambia neno baya. Walikuwa wananitazama tu. Kwenye basi, dukani, kanisani nikipita nje. Kila siku, Parneet. Hata wakitabasamu, wananitazama. Nikachoka. Nilitaka siku moja nipite mtaani bila kutazamwa na mtu."

"Ukapita?"

"Nikapita. Nilitoka kwa kinyozi nikatembea mji mzima. Hakuna aliyenitazama. Hata mmoja. Nikatembea mpaka jua likazama, nikakaa kituo cha basi, nikalia kama mtu aliyetoka kuzika. Nilikuwa kama sipo."

Parneet aliziangusha zile soksi sakafuni.

"Kinyozi aliniuliza kama nataka kuzichukua nywele. Nikasema hapana, kwa haya. Zilikuwa zimefika kiunoni. Akazifagia, Parneet. Kwa ufagio, pamoja na za watu wengine. Ndipo nikakumbuka kwamba zile ncha za chini kabisa, hizo ndizo alizozishika mama."

Hapo nilikaa kwenye ngazi. Nasib, mke wa mwanangu, alikuwa akimchana mtoto huyu kila asubuhi, kwa mafuta ya haradali na kitana cha mti, akimsimulia ngano ili asilie. Alipofariki, kitana nilikichukua mimi. Nilichana mizizi iliyoota mikononi mwangu, lakini kuelekea chini, kuelekea zile ncha nyembamba, nilikuwa nikipunguza mkono. Nilikuwa nikijua kwamba pale naingia shamba la mwenzangu.

"Nifichie," Tegbir alisema.

"Nini?"

"Mpaka harusi tu. Zinaota. Wewe ndiye utakayekuwa unanishikia kilemba, nani atajua? Mwakani zitafungika. Tutakuwa tumesahau."

"Unataka nivute ncha moja na soksi zivute ncha nyingine."

"Parneet, tafadhali."

"Na baba akiniuliza?"

"Hatauliza."

"Baba yangu? Baba yangu humuuliza hata muuza maziwa kama maziwa ni ya ng'ombe wake." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Nilimwambia nitakata pua yangu. Nilisema mbele ya mama, mbele ya shangazi zangu. Walicheka, nikaona fahari. Sasa nashuka ngazi hizo na pua gani?"

"Kwa hiyo unanichukia kwa ajili ya nywele."

"Sikuchukii kwa nywele. Nywele ni zako na za aliyekupa, ulipe huko. Mimi nilikuwa Jumamosi zote nimekaa kwenye simu, nimejipaka wanja. Ungeniambia siku ile ya kituo cha basi, ningelia na wewe. Ningekasirika, halafu ningelia na wewe. Mimi ndiye mtu pekee ambaye ungeweza kumwonyesha kichwa chako, Tegbir. Na ukanivalia kilemba."

Nilimsikia akipenga kamasi kwenye mtandio, jambo ambalo mama yake angemgombeza.

"Sitasema kitu huko chini," alisema mwishowe. "Lakini nikiulizwa sitadanganya. Hilo ndilo ninaloliweza."

Akatoka. Akanikuta pale kwenye kona nimekaa kama gunia la ngano. Macho yetu yakakutana, nami nikainamisha yangu kwanza, maana ni mimi niliyemtuma, na aliyeko juu ni mimi niliyemlea.

"Umesikia, Bibi."

"Magoti, mwanangu."

"Shika bega langu."

Akanishusha taratibu, hatua kwa hatua. Mkono wake ulikuwa baridi, na hakuutoa mpaka tulipofika uani.

Darbara alikuwa na ladu mkononi na moyo mzuri. "Mbona mnarudi bila bwana harusi? Kilemba kimemshinda? Italia wamemsahaulisha?"

Jagir akacheka. Mimi sikucheka, wala Parneet. Alikwenda kusimama nyuma ya mama yake na kutazama miguu yake.

"Parneet," Darbara aliita, sasa polepole. "Kuna nini?"

Wapo watu ambao kimya chao kina mlango. Cha Parneet hakikuwa nao; ukikitazama unaona hadi ndani. Baba yake alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye mkubwa hapa. Kuna nini huko juu?"

Kitendawili changu kingine ninachokipenda ni hiki: haina mguu, lakini hufika kabla ya mwenyewe. Jibu lake ni aibu. Nilihisi imeshakaa pale kitandani kati ya vikombe vya chai, na mjukuu wangu hajashuka bado. Nikaanza kukusanya vikombe.

Ndipo tuliposikia nyayo kwenye ngazi. Tegbir alishuka hajavaa kilemba. Alikuwa amejifunga leso kichwani, leso ndogo ya mkononi, na leso ilikuwa imelala bapa. Pale utosini, ambapo kila mtoto wa kiume wa kwetu ana kilima chake, palikuwa hapana kitu. Kichwa kilionekana kidogo, kama cha mtu tusiyemjua. Surjeet alilitaja jina la Mungu, "Waheguru," kwa sauti ya chini na kuziba uso.

"Baba," Tegbir alimwambia Darbara, amesimama mbali kidogo, viganja vimekutanishwa kifuani. "Nimezikata. Hakuna aliyenilazimisha. Niliwadanganya wote kwenye simu, na hapa pia nimewadanganya tangu nifike. Parneet hakujua mpaka sasa hivi. Usimwambie neno yeye."

Darbara aliirudisha ile ladu bokseni. Aliirudisha kwa uangalifu, akapangusa vidole. Afadhali angefoka. Mtu akifoka, unapata pa kujibu.

"Umedanganya nyumba mbili," alisema, "na umeniomba binti."

"Ndiyo, Baba."

"Hata nyumba yenu wenyewe?"

Jagir mwanangu ni mtu wa maneno machache, analima, anarudi, anakula. Alisimama, akainua mikono yote miwili kwenye kilemba chake, na mimi nikajua anataka kufanya nini. Kwetu mzazi aliyefedheheshwa hadi mwisho, asiye na kitu kingine cha kutoa, huvua kilemba chake na kukiweka miguuni pa mwenzake. Baada ya hapo hana tena heshima ya kubakiza. Nimeishi umri wangu wote na nimeliona mara moja tu, nikiwa msichana, na sikutaka kuliona tena.

"Baba, hapana," Tegbir alisema. Alisogea, lakini alikuwa mbali.

Darbara ndiye aliyewahi. Alimshika Jagir viganja vyote viwili, pale pale juu ya kichwa, akavibana.

"Usifanye hivyo, ndugu yangu. Si wewe."

Wakabaki vile, wazee wawili wameshikana mikono kichwani kama watoto wanaocheza. Jagir alikuwa analia ndani ya ndevu zake. Tegbir aliyatazama yale mpaka mwisho. Sijui kama kuna fimbo duniani ambayo ingemwuma zaidi.

"Chukua boksi, mama Parneet," Darbara alisema. "Twende nyumbani."

Parneet aliondoka nyuma ya mama yake. Langoni hakugeuka. Nilitaka ageuke, mimi mzee nisiye na haya. Niliomba ageuke hata kwa kukasirika. Hakugeuka.

Kesho yake alfajiri Tegbir alikwenda gurdwara, nyumba yetu ya sala, kwa yule mzee anayetusomea Kitabu, akamweleza yote. Mzee hakumhubiria. Alimwambia, "Kaa kwenye viatu."

Watu wakija kusali huvua viatu langoni, na atakaye kutumikia hukaa pale chini akivipokea, akivifuta vumbi na kuvipanga. Ni kazi ya heshima kwa anayeifanya kwa hiari. Kwa aliyepewa, kila mtu anajua amepewa. Tegbir alikaa pale kila asubuhi na ile leso yake bapa kichwani, akipokea viatu vya majirani, vya walimu wake wa zamani, vya wasichana waliosoma darasa moja na Parneet.

Mimi nakanda chapati katika jiko la gurdwara, dirisha letu linatazama lango. Nilisikia yote.

"Huyu si yule wa Italia?"

"Ndiye. Mfutie vizuri huyu mzee, kijana. Si viatu vya ng'ombe hivyo."

"Mwacheni. Angalau huyu amekuja. Wa kwangu nywele kakata na haya kakata."

Tegbir alikuwa akisema tu, "Lete, mama. Lete, baba," na kufuta.

Darbara alikuja pia, hakuacha sala kwa ajili ya mtu. Lakini viatu vyake hakumpa. Alivivua nje ya lango, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akapita mbele ya Tegbir bila kumtazama na kuja kuuweka mfuko kwenye kizingiti cha dirisha langu. "Niangalizie, Mama," alisema. Kila siku hivyo. Wapishi wenzangu walianza kukiita kile kizingiti kabati la Darbara. Tegbir aliuona mfuko ukipita na kila siku aliinama chini zaidi. Parneet hakuja. Surjeet alisema binti anaumwa kichwa, siku zilivyokwenda akasema anaumwa tumbo, kisha akaacha kusema.

Asubuhi moja ya ukungu, mvua imenyesha usiku kucha, walikuja wawili. Darbara alileta mfuko wake kama kawaida, akanisalimu, akaingia ndani kusali. Parneet alibaki langoni. Alikuwa amekonda. Alivua viatu vyake na kuvisukuma kwa kidole cha mguu mpaka mbele ya Tegbir. Vilikuwa vimeloa tope, juu, chini, hata ndani.

Tegbir hakuinua kichwa. Alikuwa ameitambua miguu.

"Vina tope," alisema.

"Nimepita shambani makusudi. Barabarani hakuna tope."

Wapishi wenzangu waliacha kusukuma chapati. Niliwafinya, wakaendelea kusukuma bila kuangalia wanachosukuma.

"Parneet, mimi..."

"Sijaja kuzungumza. Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na bado nina aibu. Nikiingia sokoni wanawake wananyamaza. Nikitoka wanaanza."

"Najua. Kwangu hawangoji nitoke."

Parneet karibu acheke. Niliuona mdomo wake. Aliukaza kwa nguvu, akajifunika mtandio vizuri kichwani na kupanda vidaraja viwili kuelekea ndani. Pale juu akasimama. Alisimama hivi, mkono kwenye nguzo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kisha akashuka, akapita mbele ya Tegbir bila neno, akaja mpaka dirishani kwangu. Hakunisalimu. Aliuchukua mfuko wa plastiki kutoka kizingitini, akavitoa viatu vya baba yake, vile vya ngozi vilivyokunjika visigino, akarudi navyo na kuviweka chini, kando ya vyake.

Tegbir aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwona akimtazama mtu machoni.

"Atakasirika," alisema.

"Akasirike na mimi. Ni baba yangu." Alivisogeza karibu zaidi na goti lake. "Anza na vya baba. Vyangu vitangoja."